UZI: "Mikono itazoea" – haya maneno yanaumiza watu wa kufua, wa hoteli, wa saluni na wa garaji

KemistiWa46:

Habari zenu wote. Naanzisha huu uzi juu haya maneno ya "mikono itazoea" yamenichosha. Mtu akianza kazi ya kufua, ama kuosha vyombo hoteli, ama kuosha watu nywele, akilalamika mikono inawasha, wenye wamemtangulia wanamwambia vumilia tu, itazoea. Mimi niko kemisti huku Kawangware na wale waliovumilia ndio wanakuja kwangu. Mama anaweka mikono juu ya kaunta anasema daktari nipe dawa ya fangasi, na ukiangalia vizuri mara nyingi hakuna fangasi hapo, ngozi ya vifundo imekauka ikapasuka mistari mistari, katikati ya vidole imechubuka, chini ya pete ndio kumeharibika kabisa. Na kwa ngozi yetu nyeusi usingoje kuona wekundu kama wa picha za vitabu, utaona tu mahali pamekuwa peusi zaidi, pagumu, pana magamba. Wengine wameshamaliza tyubu baada ya tyubu za fangasi na hazisaidii, na haziwezi, kwa sababu chenye kinawaumiza ni maji na sabuni.

Wacha nieleze venye inaendanga, mtanivumilia ni ndefu.

Ngozi ya juu kabisa, ile inakutana na maji, ni seli zilizokufa zimepangana safu kama 15 hadi 20, na zote pamoja ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Kiganja na nyayo ni nene zaidi, ndio maana shida huanzia mgongo wa mkono na katikati ya vidole, kiganja kinafuata baadaye. Hizo seli ndio matofali, na katikati yake kuna mafuta yenye yanazishikanisha, seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Huo ukuta una kazi mbili, maji ya mwili yasitoke ovyo na kemikali za nje zisiingie ovyo. Sasa sabuni, iwe ya bei gani, kazi yake ni kushika mafuta iyatoe na maji. Haiwezi kuchagua mafuta ya sufuria iache ya mkono wako. Kila ukiosha, kidogo kinaenda.

Na si mafuta peke yake. Ile kemikali ya povu inajishika pia na protini ya hizo seli, zinafura, na vile vitu vya asili ndani ya seli vyenye vinashikilia unyevu vinaoshwa vinaenda. Ndio unatoka kwa beseni mikono imelainika imekunjamana, ukikaa kidogo imekaza inavuta kama imepungua saizi. Hapo maji yanatoka mwilini kupitia kwa ngozi kuliko kawaida hata kama huoni jasho lolote.

Halafu kuna mambo ya ukali. Ngozi yenye afya iko upande wa asidi kidogo, pH ya karibu 5 (pH ni kipimo cha asidi, 7 ni katikati, chini ya hapo ni asidi, juu ni ukali wa sabuni na magadi). Sabuni ya kipande iko 9 hadi 10, ya unga nyingi zinakaribia 10 ama 11, na jik inapanda juu zaidi ya hapo. Mwili unatengeneza yale mafuta ya ukuta ukitumia vimeng'enya (enzymes, ndio vibarua vya mwili) vyenye vinataka hiyo asidi. Ukikaa kwa sabuni kali siku nzima vinalala, na vile vingine vya kukata seli za juu zing'oke vinaamka. Kwa hivyo unabomoa na fundi wa kurekebisha hayuko kazini.

Kitu cha mwisho chenye watu hawaniamini nikiwaambia: maji peke yake, bila sabuni yoyote, yanaharibu pia ukikaa ndani yake muda mrefu. Ujerumani kanuni zao za kazi zinahesabu mikono kukaa majini zaidi ya masaa mawili kwa siku kuwa tayari ni hatari ya kikazi. Mama wa kufua blanketi na jeans Jumamosi anapita hayo masaa kabla ya chai ya saa nne.

MamaPacha_Pipeline:

Daktari asante sana, umeniongelea mimi. Mimi nafua nyumba za watu Donholm na Tasia. Swali langu ni moja, nikienda ushago Krismasi mikono inapona kabisa inakuwa laini, watu wananiambia unaona ni vile ulikuwa na mawazo. Nikirudi Januari kazi ya kwanza tu, hata sijamaliza mashuka, inaanza kuwasha upya. Kwani ni hewa ya Nairobi ama ni maji ya huku?

KemistiWa46:

Mama Pacha shikamoo kwa hiyo kazi, si rahisi. Si hewa na si mawazo. Ngozi inapona kwa macho kabla haijapona ndani. Ile mipasuko inafunga siku chache tu ukipumzika, unaona iko sawa, lakini ule ukuta wa mafuta unachukua wiki kadhaa kurudi, na kwa mtu ambaye amekaa na shida muda mrefu inaweza kufika miezi. Ukirudi kwa beseni katikati ya hapo, sabuni kidogo ambayo mtu mwingine hata hangeihisi inatosha kukurudisha mwanzo. Hii ndio sehemu naomba watu waishike sana, kwa sababu ndio inafanya watu wafikirie wamerogwa ama wana ugonjwa wa damu. Hakuna siku moja yenye ulikosea kitu. Ni vidonda vidogo vidogo vyenye havionekani, kimoja juu ya kingine, bila nafasi ya kupona katikati.

Na kuhusu maji, wacha niongeze kitu cha mitaa yetu. Mahali maji ni ya kununua kwa mtungi, watu wanaokoa maji ya kusuuza. Nguo inasuuzwa, mikono inapanguswa tu kwa leso. Ile sabuni inabaki kwa ngozi inaendelea kufanya kazi, na chini ya pete na kwa ngozi ya katikati ya vidole ndio inajificha. Kikombe kimoja cha maji safi, vuta pete itoke, suuza katikati ya vidole, kausha kwa kubonyeza si kwa kusugua. Kikombe kimoja tu.

Hata kule kusugua nguo kwa vifundo kunachangia. Msuguano ukikutana na sabuni madhara yanakuwa makubwa kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Jeans loweka kwanza kisha tumia brashi.

SabuniFreshKayole:

Mimi natengeneza sabuni ya maji nauza kwa hoteli na watu wa kuosha magari. Sijapenda vile mnaongea kama sabuni ni sumu, sisi ndio tunaumia mkiharibu jina. Sabuni yangu ina povu safi na haijawahi letewa malalamishi. Natumia ungarol na sulphonic, hizo ndio kemikali za povu, na soda, chumvi na rangi na marashi, kitu kila mtu anatumia.

KemistiWa46:

Ndugu yangu karibu sana, na sikuji kuharibu biashara ya mtu, wewe hasa ndiye ningependa asome. Hiyo sulphonic yenye unanunua ni asidi kali, lazima imalizwe nguvu na soda ndio iwe sabuni. Ukiweka soda kidogo inabaki na asidi, ukizidisha soda, haswa kostiki, unapata sabuni ya pH 11 ama 12 na mteja hawezi kujua kwa macho kwa sababu rangi na marashi ni zile zile. Kuna karatasi za kupima pH, ni bei rahisi, ulizia hapo hapo unaponunua kemikali. Chovya, linganisha rangi, ukifika 7 ama 8 umefika. Mtu anapima kwa jicho kwa sababu alifundishwa hivo na jirani, lakini siku kilo ya soda imetoka kwa mzigo mwingine wenye nguvu tofauti, jicho halitamsaidia.

Jambo zuri ni kwamba kuchanganya ungarol na sulphonic ni afadhali kuliko sulphonic peke yake, hizo povu mbili zikikaa pamoja zinapunguzana ukali kwa ngozi. Kwa hivyo usiache ungarol ndio upunguze gharama. Na povu nyingi si usafi mwingi, mwambie mteja wako ukweli huo. Steward wa hoteli anamwaga sabuni bila kuchanganya na maji kwa sababu anataka kuona povu, mkono wake ndio unalipa.

Na wewe pia wakati unakoroga vaa glovu na ufunike macho, sulphonic kabla haijachanganywa inachoma.

SabuniFreshKayole:

Hiyo ya karatasi nitafuata kesho, nilikuwa nasikia tu. Nashukuru vile umejibu.

fundi_wa_grogan:

Na sisi wa magari? Mimi hata sitaki kujua, jioni naosha mikono na petroli halafu omo na mchanga kidogo ndio grisi itoke, bila hivo siwezi shika chapati.

KemistiWa46:

Fundi hapo unapiga ukuta mara tatu kwa dakika tano. Petroli na thinner zinayeyusha mafuta ya ngozi moja kwa moja, hazina hata haja ya povu. Omo inafuata inaosha yaliyobaki, mchanga unakwaruza. Jaribu hivi: kabla ya maji yoyote, chukua mafuta ya kupikia kidogo, hata yale yaliyobaki ya kukaangia yakiwa masafi, sugua mikono mikavu mpaka grisi ilegee, pangusa na kitambaa, kisha ndio uoshe na sabuni ya kawaida na maji. Grisi inatoka kwa mafuta. Na asubuhi kabla ya kazi jipake mafuta vizuri pembeni mwa kucha, oili haitang'ang'ania sana na utahitaji kusugua kidogo jioni. Watu wa mjengo nao wajue simiti mbichi ina pH ya 12 hadi 13, ikiingia ndani ya buti ama ukipiga magoti juu yake inachoma polepole bila uchungu mwanzoni, na ina kromiamu yenye inaleta aleji ya kudumu. Osha mara moja, usingoje saa ya lanchi.

Shiru_wa_Nywele:

Uko sahihi daktari lakini umesahau saluni. Mimi nilianza na kuosha nywele tu, vidole vikaanza kupasuka. Saa hii hata nikishika rangi ya nywele kidogo, mikono inafura siku mbili baadaye mpaka macho yanavimba. Hiyo bado ni shampuu?

KemistiWa46:

Dada Shiru hapana, hiyo imevuka, na ningependa usiipuuze. Yale ya sabuni yanampata mtu yeyote akizidisha, yanachoma na kuuma zaidi ya kuwasha, na yanabaki pale pale sabuni iligusa. Aleji ni kinga ya mwili imejifunza kuchukia kitu kimoja, inatokea siku moja hadi nne baada ya kushika, inawasha sana na inaweza kuruka mpaka uso. Rangi nyeusi za nywele nyingi zina kemikali inaitwa PPD, na iko hata kwa piko ile ya harusini. Mwili ukishaijua haisahau.

Na hivi viwili vinafuatana, ndio maana hadithi yako naona imekaa hivyo. Shampuu na maji zilifungua ukuta kwanza, kisha rangi ikapata njia ya kuingia ndani mahali kinga iko. Ngozi yenye haijaharibika ingeizuia kwa kiasi fulani. Tafuta daktari wa ngozi akufanyie kipimo cha viraka, wanabandika kemikali kidogo kidogo mgongoni wanasoma baada ya siku mbili na tena baadaye. Hospitali ya Kenyatta wana kliniki ya ngozi. Kwa sasa usiguse rangi bila glovu za nitrile, zile za plastiki nyepesi hazitoshi, na usirudie kutumia zilizotumika.

Kamau_wa_Ngumi:

Mimi napinga kidogo. Shosho yangu amefua na sabuni ya kipande maisha yake yote, mikono yake ni migumu lakini haina kidonda. Kwa hivyo kuzoea kupo, nyinyi vijana ni laini.

KemistiWa46:

Heshima kwa shosho. Na ni kweli, kuna watu ngozi yao hukaza ikastahimili, hilo liko na hata madaktari wa ngozi wanalijua. Shida ni kwamba huwezi kujua kabla kama wewe ni mmoja wao, na wale haikukaza waliacha kazi kitambo, kwa hivyo hutawaona wakifua leo ukawahesabu. Wenye walikuwa na ekzema utotoni, ama pumu, ama ngozi ya nyumbani kwao ni kavu kavu, ukuta wao mara nyingi ni dhaifu tangu kuzaliwa. Kuwaambia wavumilie ni kuwaambia waumie. Na shosho alifua lini mfululizo kila siku nguo za nyumba tano za watu wengine? Mtu anayefua nguo za kwake ana siku za kupumzika katikati, na hizo siku ndio dawa.

nesi_umoja:

Niongezee hapa kwa upande wetu wa hospitali. Tunaosha mikono mara nyingi mno na wengi wanaogopa sanitaiza kwa sababu inachoma. Inachoma kwa sababu ngozi imeshapasuka, lakini ile ya alkoholi yenye glisirini haitoi mafuta ya ngozi kama sabuni na maji. Mikono ikiwa haina uchafu wa kuonekana, sanitaiza ni afadhali. Kuosha na sabuni halafu kupaka sanitaiza papo hapo ni kujiumiza mara mbili.

KemistiWa46:

Asante nesi, hapo sina la kuongeza.

Atieno_Stewadi:

Mimi naosha vyombo hoteli fulani tauni. Supavaiza anasema glovu ni za kujinunulia. Nikinunua zinatoboka kwa wiki. Halafu kuna mtu wa kemisti alinipea krimu ya tyubu moja hivi, siku ya pili mikono ilikuwa safi kabisa, nikiacha inarudi mbaya kuliko mwanzo. Nifanyeje?

KemistiWa46:

Dada Atieno nianze na krimu. Nyingi za hizo tyubu zenye zinaponya haraka hivyo zimechanganywa steroidi kali, dawa ya bakteria na dawa ya fangasi kwa pamoja. Steroidi inazima moto, ndio unaona imepona, lakini haijengi ukuta, na ukiipaka wiki baada ya wiki inafanya ngozi iwe nyembamba zaidi. Unarudi kwa beseni na ukuta mwembamba kuliko ulivyokuja nao. Steroidi ina kazi yake, siku chache, nguvu inayofaa, ikisimamiwa na mtu amekuona mikono, na wakati huo huo sabuni imepunguzwa. Kuuziwa tyubu dirishani bila kuulizwa unafanya kazi gani ni vibaya, na nasema hivyo nikiwa ndani ya hii kazi.

Glovu sasa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 101, inasema mwajiri mwenye wafanyakazi wake wanakutana na maji ama kitu cha kudhuru atoe vifaa vya kujikinga vinavyofaa, na glovu zimetajwa. Maji yametajwa pia, si kemikali kali tu. Najua kumsomea supavaiza sheria ukiwa kibarua si rahisi, ndio naona afadhali mwende mkiwa kadhaa, na kama hasikii kuna Idara ya Usalama na Afya Kazini chini ya Wizara ya Leba.

Lakini glovu vibaya ni mbaya kuliko bila glovu. Ikitoboka maji ya sabuni yanaingia yanakaa humo na joto, ngozi inapikwa. Jasho peke yake pia linalowesha. Vaa mikono ikiwa mikavu, ndani vaa za pamba nyembamba ukipata, kunja mdomo wa glovu juu ili maji yasiteremke ukiinua mkono, zivue kila baada ya nusu saa hivi mikono ipumue, na jioni zigeuze ndani nje zikauke. Maji ya kuosha yawe vuguvugu, ya moto sana yanafanya sabuni ipenye zaidi. Na tafadhali musichanganye jik na ile ya choo yenye asidi, hiyo inatoa gesi ya klorini, mbali na mikono itawamaliza kifua.

MamaPacha_Pipeline:

Na mafuta gani ya kupaka, yenye mtu wa kawaida anaweza nunua? Kuna mtu aliniuzia aqueous cream akasema ni ya hospitali.

KemistiWa46:

Mama, mafuta mazito ya kopo yasiyo na marashi yanatosha, Vaseline ya kawaida, hata yale ya kukamulia ng'ombe watu wengi wanayatumia. Yanaziba maji yasitoke wakati ukuta unajijenga. Losheni za maji maji zenye harufu tamu zinachoma kwa mipasuko na hazikai. Paka baada ya kila kuosha mikono ikiwa bado na unyevu kidogo, na usiku paka nyingi uvae soksi safi za pamba mikononi ulale nazo. Ile aqueous cream unaweza kuitumia kuoshea badala ya sabuni kisha uisuuze, lakini usiiache kwa ngozi kama mafuta, nyingi zimewekwa sodium lauryl sulphate, na hiyo ndio kemikali watafiti wa ngozi wanatumia wakitaka kuwasha ngozi ya mtu makusudi kwa majaribio. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari juu yake mwaka 2013 kwa watoto wenye ekzema.

Endelea kupaka hata mikono ikionekana imepona, angalau wiki kadhaa, kwa ile sababu nilikueleza ya Januari.

Na wote humu, ukiona usaha, ukucha umevimba pembeni unauma, mkono mmoja tu ndio una magamba na mwingine uko sawa, ama unawashwa usiku na watoto nyumbani wanajikuna pia, hapo si sabuni peke yake, inaweza kuwa bakteria, fangasi kweli, ama upele. Nenda hospitali uonwe. Ukienda, beba chupa ya hiyo sabuni ama piga picha maandishi ya nyuma, na uwaambie kazi yako ni gani hata kama hawajauliza.